Kwa Namba Zipi? Kumbukumbu za Mkaguzi wa Kompaila ya Michoro

Miezi michache iliyopita kijana anayesomea uhandisi wa kompyuta Dar es Salaam alimtumia mwandishi wa makala haya faili la kanuni za aljebra. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo kaka. Vipimo vyote vimepita. Naomba unipitishie macho kabla sijalituma." Kanuni zilikuwa makumi, zimepangwa vizuri, kila moja na maelezo yake. Kijana hakuzitunga mwenyewe. Alitungiwa na programu ya akili mnemba, na kwa maelezo yake kazi yote iliisha kabla chai haijapoa.

Faili hilo lilimrudisha mwandishi kwenye miaka aliyoajiriwa na kampuni moja ya Ulaya inayotengeneza kompaila za vichakataji vya michoro. Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma kanuni za namna hiyo, zilizoandikwa na wenzake, na kusema zipite au zisipite. Wakati ule mtu aliweza kutumia siku nzima kuandaa kanuni moja, na mkaguzi naye alipata nafasi ya kuitafakari. Leo zinakuja kwa mafungu. Swali la nani azisome, na azisome vipi, limefika mpaka kwenye miradi ya programu huria, na baadhi yake imeshaweka sharti kwamba anayetuma mabadiliko awe anayaelewa, hata kama aliyeandika ni mashine.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na kazi hii, maelezo machache yanatosha. Gemu, ramani ya simu, hata kivuli kilicho nyuma ya kitufe cha programu ya benki, huchorwa na programu ndogo ziitwazo sheda. Sheda ndiyo inayoamua rangi ya kila pikseli, na kompaila ndiyo inayoitafsiri kuwa amri za kichakataji. Simu ya bei nafuu yenye kioo cha pikseli 720 kwa 1600, ikijaza kioo chote mara 60 kwa sekunde, huendesha sheda mara 69,120,000 kila sekunde. Amri moja ikipunguzwa, imepunguzwa mara hizo zote, na betri inashukuru.

Njia ya kuzipunguza ni kongwe. Mwaka 1965 William McKeeman alichapisha makala fupi kuhusu kompaila inayochungulia amri chache zilizo jirani na kuziandika upya kwa ufupi. Nusu karne baadaye wazo hilo bado lina kazi. Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za michoro ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, ina lugha ya ndani iitwayo NIR. Connor Abbott alianza kuiandika mwaka 2014 akiwa katika mafunzo kazini Intel, na mwaka uliofuata ikaingizwa Mesa. Kanuni zake za aljebra ziko kwenye faili la Python, mamia kwa mamia, kila moja na pande mbili: kushoto umbo la kutafuta, kulia umbo la kuweka badala yake. Ukiona a mara 1, weka a. Ukiona a jumlisha 0, weka a, ila hapo kuna masharti. Kompaila ya kampuni aliyofanyia kazi mwandishi haikuwa Mesa, lakini ilifuata mtindo huohuo.

Kanuni ya kwanza aliyokabidhiwa ilihusu kugawa kwa 4. Vichakataji vingi vya michoro havina amri moja ya kugawa namba nzima, kwa hiyo kompaila hulazimika kutumia msururu wa amri. Aliyependekeza kanuni alisema kugawa kwa 4 kugeuzwe kuwa kusogeza biti mbili kulia, amri moja tu. Kiongozi wa timu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliketi na mwandishi mbele ya kioo. Hakumwuliza kama kanuni ni sahihi. Alimwuliza, "Kwa namba zipi?"

Wakajaribu. Ukigawa 28 unapata 7, ukisogeza biti unapata 7. Ukigawa 30 unapata 7 na baki, ukisogeza unapata 7. Wakajaribu hasi saba. Kwa sheria ya sheda, −7 gawa kwa 4 ni −1, kwa sababu sehemu iliyobaki inatupwa. Ukisogeza biti, jibu ni −2. Mtu anayechora gemu yenye ramani ya vigae angeona kila kitu kiko sawa upande wa kulia wa ramani, kisha mchezaji akivuka kwenda kushoto, ambako namba ni hasi, vigae vingehama hatua moja. Kanuni ilirudishwa kwa mwenyewe, na iliporudi ilikuwa na sharti: namba zisizo na alama ya hasi tu.

Yule mama aliendelea kuuliza swali lile kwa kila kanuni, mpaka wahandisi wakawa wanalijibu kwenye maelezo yao kabla hawajaulizwa. Aljebra ya shule ina sharti ambalo halisemwi, kwamba a ni namba yoyote. Ndani ya kichakataji, a ni biti 32, na biti 32 zina viumbe ambao kitabu cha darasa la saba hakikuwataja.

Kiumbe msumbufu kuliko wote ni NaN. Kanuni za hesabu za desimali kwenye kompyuta ziliwekwa mwaka 1985 katika kiwango kiitwacho IEEE 754, ambacho mchango wake mkubwa ulitoka kwa William Kahan, naye akapewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kiwango hicho kinasema hesabu isiyo na jibu, kama sifuri gawa kwa sifuri, izae NaN, yaani alama ya kuonyesha kwamba hiki si namba. NaN haiwi sawa na kitu chochote, hata yenyewe. Ukiijumlisha na namba yoyote, unapata NaN. Ikiingia kwenye hesabu huwa ni vigumu kuitoa.

Mwandishi aliiona kwa macho siku timu ilipoletewa picha ya gemu ya zamani yenye madoa meusi ya mraba. Kila doa lilianza na pikseli moja. Sheda ilikuwa ikichukua mshale wenye urefu wa sifuri na kujaribu kuufanya uwe na urefu wa 1: ikapata 1 gawa kwa kipeuo cha sifuri, ambayo ni infiniti, kisha ikazidisha sifuri kwa infiniti. Kwa kiwango cha IEEE jibu ni NaN. Pikseli ikawa nyeusi, halafu hatua iliyofuata ya kutia ukungu wa mwanga ikachanganya pikseli hiyo na majirani zake, na majirani wote wakawa NaN.

Gemu haikuwa na kosa. Iliandikwa enzi za mfumo wa michoro wa Direct3D 9, ambapo sifuri mara kitu chochote ilihesabiwa kuwa sifuri, hata kitu hicho kikiwa infiniti, na watengenezaji wa gemu walizoea hivyo. Ndiyo sababu NIR ina amri mbili za kuzidisha. Moja inafuata IEEE, nyingine, iitwayo fmulz, inafuata desturi ile ya zamani. Kompaila ya kampuni nayo iliongezewa amri ya namna hiyo, na mara moja mhandisi mmoja akaleta kanuni: kama upande mmoja wa kuzidisha ni namba thabiti isiyo sifuri, tumia amri ya kawaida, maana hapo tofauti ya amri hizo mbili haipo.

Kanuni ilionekana salama. Mkaguzi mwingine, aliyekuwa mbali na asiyejulikana kwa sura na wengi wa timu, aliandika mstari mmoja tu: a ni sifuri, b ni infiniti. Infiniti si sifuri, kwa hiyo inapita kwenye sharti, na jibu linageuka kutoka sifuri kuwa NaN. Sharti likarekebishwa: namba thabiti isiyo sifuri na yenye kikomo. Neno moja liliongezwa, na doa jeusi likazuiwa kurudi.

Somo alilolipata hapo lilikuwa juu ya uandishi wa maoni ya ukaguzi. Mkaguzi yule angeweza kueleza kwa aya tatu kwa nini kanuni haikumridhisha. Alitoa mfano unaoivunja, na mjadala ukaisha. Tangu siku hiyo mwandishi alijizuia kuandika "nina wasiwasi" mpaka awe ametafuta namba mbili zinazothibitisha wasiwasi wake.

Jambo jingine la NaN lilikuwa dogo zaidi na lilisumbua kwa muda mrefu zaidi. Rangi inatakiwa iwe kati ya 0 na 1, kwa hiyo waandishi wa sheda huibana. Wengine huchukua kubwa kati ya x na 0, kisha ndogo kati ya jibu hilo na 1. Wengine huanza na 1, halafu 0. Kwa namba za kawaida njia zote mbili zinatoa jibu lile lile, na vichakataji vingi vinaweza kubana bila gharama ya amri ya ziada. Lakini sheria ya kubwa na ndogo inasema NaN ikikutana na namba, namba ndiyo inayochukuliwa. Njia ya kwanza inageuza NaN kuwa 0. Njia ya pili inaigeuza kuwa 1. Sheda ile ile, kwa mpangilio tofauti, inatoa doa jeusi au doa jeupe. Waandishi wa NIR waliliona hilo na wakaweka maelezo kando ya kanuni ya njia ya pili, wakisema kwamba haihifadhi jibu la NaN.

Basi je, kanuni kama hiyo ikataliwe? Hapa ndipo kazi ya ukaguzi ilipoacha kuwa ya ndiyo na hapana.

Chukua 100,000,000 kwa biti 32 za desimali. Ukubwa huo unaruka nane nane, kwa hiyo ukijumlisha 1 jibu linabaki 100,000,000. Ukitoa 100,000,000 unapata 0. Anza na kutoa, kisha jumlisha 1, unapata 1. Mpangilio wa kujumlisha unabadilisha jibu, na hilo linavunja sheria ya aljebra ambayo kila mtoto anaijua. Kompaila ingekataa kila badiliko la namna hiyo, sheda zingekwenda polepole bila faida yoyote inayoonekana, kwa sababu mara nyingi tofauti iko kwenye biti ya mwisho na jicho haliioni.

Mara nyingi, lakini si mara zote. Gemu nyingi huchora mandhari mara mbili: kwanza kina cha kila pikseli, kisha rangi, na rangi huwekwa pale tu kina kinapolingana sawasawa. Kompaila ikizidisha na kujumlisha kwa amri moja kwenye sheda ya kwanza na kwa amri mbili kwenye ya pili, biti ya mwisho inatofautiana, na ukuta unaanza kumemeteka. Mwandishi wa sheda anaweza kujikinga kwa maneno mawili ya lugha ya GLSL: "invariant", na "precise" lililokuja na toleo la 4.00 mwaka 2010. Amri iliyowekewa kinga hiyo haiguswi na kanuni zisizo za uhakika. Kwenye faili la NIR, kanuni za aina hiyo hutanguliwa na alama ya kiwimbi, ~, na kompaila huziruka inapokuta amri iliyolindwa.

Kiwimbi kama hicho, kwenye kompaila ya kampuni, kilikuwa nusu ya mabishano yote ya timu. Mhandisi akikisahau, kanuni yake inavunja ahadi aliyopewa mwandishi wa gemu. Akikiweka pasipohitajika, kanuni haifanyi kazi pale ambapo ingefaa. Mwandishi alijifunza kutenganisha maswali mawili ambayo vijana wengi huyachanganya: je, kanuni inabadilisha jibu, na je, kuna mtu aliyeahidiwa kwamba jibu halitabadilika? La kwanza ni la hesabu. La pili liko kwenye vitabu vya viwango, na mkaguzi asiyevisoma anakisia.

Vulkan, kiwango cha michoro kilichotoka mwaka 2016, imefanya ahadi hizo ziwe nyingi na za kina zaidi. Sheda inaweza kuomba alama ya sifuri hasi ihifadhiwe, infiniti zihifadhiwe, NaN zihifadhiwe. Hata kufuta jumlisha sifuri, kanuni inayoonekana haina hatari, kunabadilisha jibu: sifuri hasi jumlisha sifuri ni sifuri chanya. Ukigawa 1 kwa sifuri hasi unapata infiniti hasi, kwa hiyo alama hiyo si pambo.

Baadaye likaja suala la vipimo vya kasi. Desturi ya kazi hii ni kwamba kanuni mpya iambatane na hesabu: imejaribiwa kwenye mkusanyiko wa maelfu ya sheda za gemu halisi, na amri zimepungua kiasi gani. Mesa ina mkusanyiko wa namna hiyo uitwao shader-db, unaotoa orodha ya sheda zilizosaidiwa na zilizoumizwa. Kampuni ilikuwa na wake.

Siku moja ililetwa kanuni inayofahamika na kila mwanafunzi wa sekondari: a×b + a×c iandikwe a×(b + c). Kuzidisha mara mbili kunakuwa mara moja. Mwandishi wa kanuni alishangaa matokeo yalipoonyesha sheda nyingi hazikubadilika na nyingine ziliongezeka amri. Sababu ilipatikana kwa kukaa na sheda moja iliyoumizwa na kuisoma mstari kwa mstari. Kichakataji kina amri moja inayozidisha na kujumlisha kwa pamoja, kwa hiyo umbo la kushoto tayari lilikuwa amri mbili, na la kulia pia mbili. Hakuna kilichookolewa. Kwenye sheda ile iliyoumizwa, a×b ilikuwa ikitumika tena chini kidogo. Kanuni iliiacha pale kwa ajili ya mtumiaji wake wa pili, kisha ikaongeza amri mbili mpya. Mbili zikawa tatu.

Kulikuwa na gharama nyingine ambayo hesabu ya amri haikuionyesha. Rejista ni kama nafasi kwenye meza ya jikoni: kila jibu linalosubiri kutumika linachukua mahali. Kwa miaka mingi vichakataji vya michoro vya Intel vilikuwa na rejista 128 kwa kila uzi wa kazi, na sheda ilipozimaliza, kompaila ililazimika kuchakata pikseli 8 kwa pamoja badala ya 16, au kupeleka majibu kwenye kumbukumbu ya nje na kuyarudisha. Kanuni inayopunguza amri mbili lakini ikafanya jibu moja lisubiri muda mrefu inaweza kuifanya gemu iende polepole. Tangu hapo timu ilidai mambo matatu kwenye kila pendekezo: idadi ya amri, idadi ya rejista, na angalau sheda moja iliyoumizwa iliyosomwa na binadamu hadi sababu ijulikane.

Tukio lililofuata halikuhusu hesabu kabisa. Gemu moja ilikwama wakati wa kufunguliwa, mstari wa kupakia ukasimama, na feni ya kompyuta ikaendelea kupiga kelele. Kompaila haikuwa imekufa. Kanuni moja ilitoa alama ya hasi nje ya kuzidisha: −a mara b ikawa hasi ya a×b. Kanuni nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine wakati mwingine, iliirudisha ndani, kwa sababu kichakataji kile kiliweza kubeba hasi kwenye namba bila amri ya ziada. Kompaila hurudia kanuni zote mpaka pasiwe na badiliko. Hapa badiliko halikuisha: moja ilitoa, nyingine ikarudisha.

Kila kanuni ilikuwa sahihi, na kila mkaguzi aliyeipitisha alikuwa na haki ya kuipitisha peke yake. Hakuna aliyeisoma pamoja na mwenzake. NIR hupunguza migongano ya namna hii kwa kuwa na orodha ya kanuni za mwisho, zinazotumika mara kompaila inapokaribia kumaliza kazi. Timu ilifanya vivyo hivyo: kanuni ya kurudisha hasi ndani ikahamishiwa mwisho. Kuanzia hapo mwandishi, kabla ya kuipitisha kanuni, alitafuta kwenye faili zima umbo la upande wa kulia, aone kama kuna kanuni nyingine inayolitafuta upande wa kushoto.

Tukio ambalo mwandishi hulisimulia zaidi lilitokea alipokuwa amesharudi Afrika Mashariki na kuendelea na kazi kwa mbali. Simu nyingi zinazouzwa madukani Kariakoo na River Road ni za bei nafuu, na vichakataji vyake vya michoro hufanya kazi vizuri zaidi kwa desimali za biti 16 kuliko 32, kwa sababu ni nusu ya uzito. Namba ya biti 16 ina mipaka midogo. Haivuki 65,504. Kati ya 512 na 1,024 inaruka nusu nusu. Kati ya 1,024 na 2,048 inaruka moja moja.

Pendekezo lililoletwa lilisema hivi: kama jibu la hesabu linageuzwa kuwa biti 16 mwishoni, geuza namba zinazoingia mwanzoni, ili hesabu yote ifanyike kwa biti 16. Vipimo vya maabara vilipita vyote. Picha zililinganishwa na za zamani, tofauti haikuonekana.

Mtumiaji mmoja wa toleo la majaribio, kijana wa Mombasa aliyekuwa na simu ya kawaida, aliandika kwamba mawimbi ya bahari kwenye gemu yake yanaanza kushtukashtuka baada ya dakika kama tisa, na akiendelea kucheza, bahari inasimama kabisa. Maabara haikuliona kwa sababu kila kipimo kilidumu sekunde chache. Sheda ya bahari ilikuwa ikichukua muda tangu gemu ifunguliwe, kwa sekunde, na kubakiza sehemu ya desimali peke yake. Sehemu hiyo ni ndogo kuliko 1 daima, kwa hiyo kuigeuza kuwa biti 16 hakuna madhara. Kanuni mpya iligeuza muda wenyewe kwanza. Baada ya sekunde 512, sawa na dakika 8 na sekunde 32, muda ulianza kuruka nusu sekunde. Baada ya sekunde 1,024, yaani dakika 17 na sekunde 4, muda haukuwa na desimali tena. Sehemu iliyobaki ikawa 0, na bahari ikaganda.

Kwenye kompyuta za mezani tatizo hilo lisingejitokeza, kwa kuwa draiva zake nyingi hupuuza ombi la kutumia usahihi mdogo na kufanya hesabu kwa biti 32. Mhandisi wa Ulaya mwenye kadi kubwa ya michoro angeweza kucheza mchana kutwa bila kuona kitu. Aliyeona ni mwenye simu ya bei nafuu. Kanuni ilibaki, lakini ikazuiwa kupita kwenye amri inayochukua sehemu ya desimali, na kipimo kipya kikaongezwa chenye saa iliyosogezwa mbele.

Miaka hiyo wanasayansi nao walikuwa wakitafuta namna ya kumpunguzia mkaguzi mzigo. Mwaka 2015 Nuno Lopes, David Menendez, Santosh Nagarakatte na John Regehr walitoa chombo kiitwacho Alive, kinachothibitisha kwa mantiki kama kanuni ya kompaila ni sahihi kwa namba zote. Waliandika upya zaidi ya kanuni 300 za kompaila ya LLVM, ambazo zilikuwa zimekaguliwa na wataalamu na kutumika, wakakuta 8 zina makosa. Katika Imperial College London, Alastair Donaldson na wenzake walitengeneza GraphicsFuzz, inayochukua sheda, kuipachika vipande visivyobadilisha maana yake, kisha kulinganisha picha mbili ambazo zilipaswa kufanana. Makosa yalipatikana kwenye draiva za watengenezaji wengi, na mwaka 2018 Google ikainunua kampuni yao.

Vyombo hivyo ndivyo vilivyomwongoza mwandishi alipolirudia faili la yule kijana wa Dar es Salaam. Vipimo vyake vilikuwa vimepita kweli. Lakini programu iliyoandika kanuni ndiyo iliyoandika na vipimo, na vipimo vyote vilitumia namba za kawaida: 1.5, 2, 10, −3. Hapakuwa na NaN hata moja.

Mwandishi hakuzikataa kanuni zake. Alichagua moja, inayosema "si kweli kwamba a ni ndogo kuliko b" iandikwe "a ni kubwa kuliko au sawa na b", akamwambia aijaribu kwa kila jozi ya namba za biti 16. Namba hizo ni 65,536, kwa hiyo jozi ni 4,294,967,296. Kijana aliandika programu fupi ya C kwa mkono wake, akaiacha iende. Jozi zilizovunja kanuni zilikuwa 263,987,196, asilimia 6 na ushei, na kila moja ilikuwa na NaN upande mmoja au pande zote mbili. Ukilinganisha NaN na namba, "ndogo kuliko" ni uongo na "kubwa kuliko au sawa" pia ni uongo.

"Kaka, sasa naifuta?" aliuliza.

Aliambiwa asiifute. Aiwekee kiwimbi, aeleze kwa sentensi mbili ni jibu gani linabadilika na kwa nini inaruhusiwa, kisha aendelee na inayofuata. Faili lilirudi likiwa fupi zaidi. Kanuni ambazo hakuweza kuzieleza alikuwa amezitoa mwenyewe, bila kuagizwa.

Kwa wahadhiri wanaofundisha kompaila Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Kampala, zoezi hili liko tayari na halihitaji kadi ya michoro. Faili la kanuni za NIR liko wazi, mtu yeyote anaweza kulisoma. Mpe kila mwanafunzi kanuni moja na biti 16. Zenye namba moja zina majibu 65,536 ya kukagua, kazi isiyofika hata sekunde moja. Zenye namba mbili zina jozi bilioni 4.3, na kompyuta mpakato ya kawaida inazimaliza kabla kipindi hakijaisha. Mwanafunzi alete kanuni, orodha ya namba zinazoivunja, na maelezo aliyoyaandika mwenyewe. Asiyeleta vyote vitatu asipewe alama, hata kama vipimo vyake vyote vimepita.